Meza Moja Mjini Beirut

Nilipokuwa mtoto katika miaka ya 1980, jina la Beirut nililijua kwa redio. Taarifa ya habari ikilitaja, tulijua yanayofuata ni mabomu na mateka. Leo nataka tuutazame mji huo kwa upande wa jikoni.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanoni vilianza mwaka 1975 na kumalizika 1990. Watu zaidi ya laki moja walikufa. Beirut ilikatwa vipande viwili: mashariki Wakristo wengi, magharibi Waislamu wengi, na katikati mstari ambao mtu akiuvuka huenda asirudi. Bunduki ziliponyamaza, mstari uliondoka barabarani, lakini mioyoni mwa wengi ulibaki.

Mwaka 2004 Kamal Mouzawak, mtoto wa wakulima na mwandishi wa habari za safari na vyakula, alianzisha soko la wakulima mjini humo, likaitwa Souk el Tayeb. Hilo souk ndilo neno letu soko. Wakulima wa madhehebu mbalimbali wakapanga bidhaa zao bega kwa bega. Mwaka 2009 akafungua mgahawa, Tawlet, jina litokanalo na neno meza. Utaratibu wake ulikuwa wa pekee. Mpishi wa siku hakutoka chuo cha hoteli. Alikuwa mama wa kijijini aliyekuja kupika vyakula vya kwao, na kulipwa. Leo wa kaskazini, kesho wa kusini.

Vyakula hivyo vina historia ndefu kuliko mipaka ya nchi zile ambazo wazee wetu waliziita Shamu. Chukueni kibbe, nyama iliyotwangwa pamoja na ngano. Huko Zgharta, kaskazini, huijaza mafuta na kuichoma juu ya makaa. Wakristo wakiwa katika Kwaresima huitengeneza kwa boga, bila nyama. Au chukueni hrisseh, ngano na nyama zilizopikwa saa nyingi katika sufuria kubwa mpaka zishikane. Wakristo huipika kwa sikukuu ya Bikira Maria, Agosti 15. Waislamu wa Shia huipika siku ya Ashura. Na sisi watu wa pwani si wageni nacho chakula hicho: ndicho bokoboko, anachokipiga bibi kwa mwiko siku ya Idi mpaka jasho limtoke.

Hapa atatokea mtu aulize: kama Walebanoni walikuwa na sufuria moja, mbona walipigana? Swali hilo ni la haki. Kibbe haikuzuia risasi hata moja. Walioshambuliana mwaka 1975 walikuwa wamelelewa na mama zao kwa vyakula vilevile. Lakini ili umchukie jirani, ni lazima kwanza uambiwe kwamba hana lolote analoshiriki nawe, na meza huufichua uongo huo. Tena mama aliyepika miaka yote bila kutajwa jina, pale alipokewa kama mwalimu, na ujira wake mkononi.

Mtihani ulikuja Agosti 4, 2020. Tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti zililipuka bandarini na kuua watu zaidi ya 200. Tawlet, iliyokuwa mtaa wa Mar Mikhael karibu na bandari, ikaharibiwa. Wenyewe hawakukaa kulia. Walianzisha jiko la kuwapikia walioathirika, wakaliita Matbakh el Kell, yaani jiko la watu wote. Jina hilo halihitaji maelezo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili, wasikilizaji, hukaa mikononi mwa watu, na watu hao wanazeeka. Bibi yangu alikufa na bokoboko lake. Kipimo chake kilikuwa kiganja, na saa yake ilikuwa harufu. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea na kinasa sauti begani. Niliwahoji mawaziri na wakurugenzi. Bibi sikumhoji.

Kama wewe wako yungali hai, Jumapili hii vuta kigoda jikoni, ukae, umuulize. Hadi wiki ijayo, kwaherini.