Kilichowavuta Vijana Riyadha

Katika mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, upo msikiti uitwao Riyadha, jina ambalo asili yake katika Kiarabu ni bustani. Aliyeuanzisha, mwishoni mwa karne ya 19, ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilili, mtu wa Ngazija, ambaye watu humwita Habib Swaleh. Kando ya msikiti huo kilikua chuo, nacho kikavuta vijana wa pwani na wa nchi zilizo mbali na pwani. Vijana hao walikwenda kutafuta nini?

Jibu la upesi ni elimu ya dini. Ni jibu la kweli, ila halitoshi, maana elimu hiyo ilikuwapo Lamu kabla Habib Swaleh hajafika. Mlango wake ndio uliokuwa mwembamba. Wenye nasaba, wakaao katika nyumba za mawe za Mkomani, waliihesabu kuwa mali ya koo zao. Mtumwa na mzaliwa wa mtumwa hawakutarajiwa kupata ila kidogo. Katika pwani ya Kenya sheria haikuufuta utumwa mpaka mwaka 1907, na desturi, kama mjuavyo, huifuata sheria kwa mwendo wa kobe.

Habib Swaleh hakumchagua mwanafunzi kwa nasaba yake. Aliwasomesha waliokuwa watumwa na wageni wasio na jamaa mjini, tena akaruhusu matari yapigwe katika maulidi, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa. Sasa mfikirieni kijana ambaye baba yake alilima shamba la mtu mwingine bila ujira. Akisoma miaka kadhaa, aliweza kuwa mwalimu au imamu. Na imamu akisimama mbele, hata mngwana husali nyuma yake. Sidhani kwamba fikira hiyo haikumpitia kijana yule alipokuwa akihifadhi masomo yake usiku. Wala simlaumu. Mtu aweza kumtaka Mungu na kutaka heshima kwa moyo mmoja, na mwalimu mwenye busara hajaribu kuzitenganisha nia hizo siku ya kwanza.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na wanawe wakaendelea na kazi. Waliosoma kwake walitawanyika katika miji na vijiji, wakafungua vyuo vyao. Na wakati wa maulidi ulipofika, walipanda majahazi kurudi Langoni, wakifuatana na wanafunzi wao wenyewe.