Lakabu katika Muziki wa Benga wa Nyanza ya Kusini

Imezoeleka kudhaniwa kwamba msanii ajipaye jina la pili hufanya hivyo ili ajifiche. Dhana hiyo ina ukweli wake kwingineko: mwandishi Mwingereza Mary Ann Evans (1819–1880) alizitoa riwaya zake kwa jina la kiume la George Eliot ili zisipimwe kwa mizani ya jinsia yake. Lakini haitoshi kuieleza desturi ya waimbaji wa benga katika eneo lililokuwa Wilaya ya Nyanza ya Kusini nchini Kenya, ambalo leo lina kaunti za Migori na Homa Bay. Huko lakabu haikuwa kinyago. Ilikuwa sifa, dai la nasaba ya kisanaa, na hata mali ya kurithiwa.

Asili ya jambo hili yafaa itafutwe katika jadi ya Wajaluo ya kuwapa watu majina. Mtoto huitwa kwa saa au hali ya kuzaliwa kwake: Ochieng huzaliwa jua likiwaka, Otieno usiku, Owino kitovu kikiwa kimemzonga. Juu ya majina hayo huongezwa yale ya pakruok, yaani majigambo ya hadharani. Penye ngoma ya nyatiti mtu alitoa fedha, muziki ukanyamazishwa, naye akajisifu na kuwasifu jamaa na wapenzi wake kwa mafumbo. Jina la namna hiyo lilihitaji mashahidi. Wala hapana awezaye kujificha nyuma ya jina alilolilipia mbele ya umati.

Benga ilipoenea katika miaka ya 1960, gitaa lilipokea kazi ya nyatiti, na waimbaji wakaipokea desturi hiyo ya majina. Ochieng Kabaselleh aliliunganisha jina la jua na jina la Joseph Kabasele (1930–1983), kiongozi wa African Jazz ya Kongo. Katika majina hayo mawili msikilizaji aliupata ukoo wa damu na ukoo wa sanaa kwa pamoja.

Hoja hii huthibitika zaidi kwa Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, aliyeongoza Shirati Jazz. Nyimbo zake zilimfanya akamatwe nchini Kenya zaidi ya mara moja. Lau shabaha ya lakabu ingalikuwa maficho, yeye angaliihitaji kuliko wote. Lakini alijulikana kote kwa jina lake la D.O. Misiani. Kinga yake aliiweka ndani ya wimbo wenyewe, katika visa vya wanyama na vya Biblia, ambavyo wasikilizaji walivifumbua kwa hiari yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Migori, mji ufikiwao kwa barabara ishukayo kutoka Kisii kupitia Rongo na Awendo. Julius Okumu, kiongozi wa Jolly Boys, alijiita Prince Jully. Alipofariki mwaka 1997, mjane wake, Lilian Auma, aliishika bendi na kuimba kwa jina la Princess Jully. Wimbo wake Dunia Mbaya, uliohusu UKIMWI, ulivuma Kenya nzima. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa mila ya ter mjane wa Kijaluo hurithiwa na ndugu wa mumewe. Hapa mjane ndiye aliyerithi. Jina lilimpa haki ya kusimama mbele ya wanamuziki wa marehemu na mbele ya wasikilizaji wake, kisha kuusema hadharani ugonjwa ambao watu wengi wakati huo waliunong'ona tu. Jina la Auma peke yake lisingaliweza kumfungulia mlango huo upesi hivyo. Alifariki mwaka 2024, naye hata siku hiyo aliombolezwa kwa jina la Princess Jully.

Kwa mintarafu hii, mtafiti anayeorodhesha nyimbo hizi kwa majina ya vyeti vya kuzaliwa tu, akiziacha lakabu kama maganda, huipoteza sehemu ya matini yenyewe. Jina la cheti humtaja aliyeimba. Lakabu husema aliimba kwa haki gani, kwa ukoo upi, na baada ya nani.