Mlima Hupandwa kwa Unga

Mimi ni mpishi wa wapanda Mlima Kenya, na kila safari yangu ya mahema huanzia Gakoromone, soko la hapa mjini Meru. Huchagua viazi, karoti, kabichi na ndizi, kisha huenda kupimiwa unga. Maharagwe huyachemsha nyumbani kabisa, kwa sababu ukifika mita 4,000 maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Sufuria itanguruma jioni nzima na maharagwe yabaki magumu.

Vitabu vya mlima huu vimejaa kamba na shoka za barafu. Mimi huvisoma nikitafuta chakula. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder aliondoka Nairobi na Wazungu wenzake watano, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuongoza njia. Nchi ilikuwa imeshikwa na njaa na maradhi. Walipopiga kambi mlimani mwezi Agosti hapakuwa na cha kununua; watu wawili wa msafara wakauawa, na ikabidi wengine watumwe hadi Naivasha kuomba msaada. Septemba 13, Mackinder na wenzake César Ollier na Joseph Brocherel wakasimama juu ya kilele cha Batian, mita 5,199. Majina hayo matatu ndiyo yanayofundishwa. Kwangu mimi, kilele kile ni cha waliokwenda Naivasha pia, maana bila posho hakuna ambaye angepanda.

Januari 1943 njaa ilirudi kwa sura nyingine. Felice Benuzzi, mfungwa wa vita kutoka Italia, alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili ili wapande mlima tu. Chakula walikuwa wamekidunduliza kutoka kwenye posho yao ya kambini, na miongoni mwa vielelezo vyao vya njia ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Benuzzi na mmoja wao, Giovanni Balletto, walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kifungoni kwa hiari, wakiwa hoi kwa njaa. Sijui mpishi anayeweza kusoma habari hiyo bila kuumia.

Upande wetu wa mashariki ulifunguka miaka ya 1920, Ernest Carr alipotengeneza njia kutoka Chogoria na kujenga vibanda vya kulala. Maziwa ya Carr yana jina lake hadi leo. Nasi hupita huko huko: Nkubu, Igoji, Chogoria, kisha gari linapenya msitu na mianzi mpaka karibu na Ziwa Ellis, tunakopiga mahema ya kwanza. Kutoka hapo ni miguu. Ziwa Michaelson, lililochimbwa na barafu ya kale, limekaa chini ya genge refu, na mto Nithi unapita humo ukishuka.

Barafu yenyewe inakwisha. Ile ya Lewis, chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za mlima huu huenda zikatoweka kufikia 2050. Nahuzunika. Lakini mito inayonywesha mashamba ya wanaoniuzia viazi hutegemea zaidi mvua na msitu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Uchunguzi wa ndege wa mwaka 1999 ulikuta miti ya asili ikikatwa ovyo na matanuri ya makaa yakifuka ndani ya msitu. Mwaka uliofuata ulinzi wake ukakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kwa hiyo mimi hupikia gesi. Mtungi ni mzigo mzito, na wapagazi wapya hunung'unika wakiona kuni zimelala njiani bure. Huwaambia waziache hapo hapo zilipo, na kwenye mizigo yao natoa sufuria moja nibebe mwenyewe.