Kikoa

Kikoa, katika Kiswahili cha pwani, ni chakula cha ushirika: leo huandaa huyu, kesho yule, na wote hula pamoja. Ndiyo maana ya "kula kikoa". Neno hilohilo sasa hutaja eneo la majina kwenye intaneti. Hoteli ya Bagamoyo inaweza kusajili jina chini ya .hotel.tz, ndani ya kikoa cha taifa cha .tz. Uteuzi wa neno hili ni mzuri kuliko unavyosifiwa, kwani mfumo wa majina ya intaneti (DNS) uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 nao ni wa kugawana kazi: kila ngazi hutunza sehemu yake na kuikabidhi inayofuata.

Kazi yenyewe ya mfumo huo ni kuoanisha jina na anwani ya namba. Zamani fundi aliandika rekodi kwa mkono, na anwani ikakaa miaka. Kwenye kundi la kontena za programu linaloendeshwa na mfumo wa Kubernetes katika wingu la kompyuta, huduma huzaliwa na kufa kwa dakika, na anwani hubadilika nazo. Hapo programu kama ExternalDNS hushika zamu: husoma huduma zilizopo, huandika rekodi kwa mtoa huduma wa majina, na hufuta zilizokwisha. Kando ya kila rekodi huweza kuacha nyingine ya maandishi, alama ya umiliki, ili isifute rekodi za wengine walio katika kikoa kilekile.