Medes: Mbizi nyepesi katika bahari isiyo na mzaha

VISIWA vya Medes ni kikundi cha visiwa vidogo saba vilivyo umbali wa takriban kilomita moja kutoka mji wa L'Estartit, katika eneo la Catalonia, kaskazini mashariki mwa Uhispania. Havina wakazi, na ardhi yake yote kwa jumla haifikii hekta 25. Hata hivyo, chini ya maji yanayovizunguka mna mojawapo ya sehemu mashuhuri zaidi za kupigia mbizi katika Bahari ya Mediterania, ambapo hata mwanagenzi aliyehitimu majuzi huweza kushuka na mtungi wake wa hewa na kujionea mengi.

Wepesi wa mahali hapa una sababu zake. Safari ya mashua kutoka bandarini huchukua dakika chache tu. Mashua hufungwa kwenye maboya yaliyotengwa kwa kazi hiyo, na mpiga mbizi huteremka akiifuata kamba badala ya kubahatisha njia. Kuta za mwamba huanzia mita chache chini ya uso wa bahari, hivyo kwamba anayebaki kwenye kina cha mita 10 hakosi cha kutazama. Aidha, kupwa na kujaa kwa maji katika sehemu hii ya Mediterania hupimwa kwa sentimita, tofauti na Pwani ya Kenya ambako wakati wa bamvua maji huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu.

Kinachovuruga utulivu huo aghalabu ni upepo wa kaskazini, ambao wenyeji huuita tramuntana. Ukivuma kwa nguvu, safari huahirishwa. Mto Ter nao humwaga maji yake karibu na visiwa hivi. Baada ya mvua kubwa bahari huchafuka, lakini virutubisho vinavyoletwa na mto huo ni miongoni mwa sababu za mwamba wa Medes kuwa na viumbe wengi kiasi hicho.

Mwamba wa aina yake

Msomaji aliyezoea matumbawe ya Malindi au Watamu hapaswi kutarajia mandhari kama hayo. Maji ya Medes hushuka hadi nyuzijoto 13 hivi wakati wa baridi, na hata katika kiangazi, joto la zaidi ya nyuzi 22 aghalabu hupatikana karibu na uso wa bahari tu. Matumbawe yanayojenga miamba katika Bahari Hindi hayawezi kujenga katika baridi hiyo. Mwamba wa Medes ni mlima wa mawe ya chokaa uliozama, ambao umefunikwa na mwani mgumu unaotengeneza chokaa, sponji, na viumbe wenye umbo la feni wanaopepea kwa rangi ya zambarau na manjano.

Penye giza, chini ya vibanda vya mwamba na ndani ya mapango, ndipo inapokua marijani nyekundu. Hii ndiyo marijani ile ile ambayo shanga zake zimetajwa katika Kiswahili kwa karne nyingi kama pambo la thamani. Marijani si jiwe wala mmea, bali ni jamii ya wanyama wadogo mno wanaojenga kiunzi kimoja. Unene wake huongezeka kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Tawi linalovunjwa kwa sekunde moja limechukua miongo kadhaa kukua.

Samaki anayetafutwa zaidi na wageni ni chewa mkubwa wa rangi ya kahawia, ambaye huweza kupita urefu wa mita moja. Chewa huyu huanza maisha akiwa jike, na baadhi yao hugeuka kuwa dume wakishakuwa wakubwa. Wawindaji wenye mikuki wanapowalenga wakubwa, kwa hivyo, huondoa madume yanayohitajika ili kizazi kiendelee. Ndivyo samaki huyo alivyotoweka katika sehemu nyingi za pwani ya Mediterania.

Kina kifupi, hatari ile ile

Wepesi wa mahali haubadilishi kanuni za maji. Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui mbizi zake, na katika mchezo huu anayedhani ameyajua maji mafupi ndiye anayehitaji onyo hilo zaidi.

Juu ya bahari, mwili wa binadamu hubeba shinikizo la angahewa moja. Kila mita 10 za maji huongeza angahewa nyingine: katika mita 10 shinikizo huwa mbili, katika mita 20 tatu, na katika mita 30 nne. Kutokana na hesabu hiyo, hewa iliyoyajaza mapafu katika mita 10 hutanuka mara mbili inapofika juu, ilhali kutoka mita 30 hadi mita 20 hutanuka kwa theluthi moja tu. Kwa maneno mengine, mabadiliko makubwa zaidi hutokea karibu na uso wa bahari, mahali ambapo mwanagenzi hujihisi salama.

Mtu anayeshikwa na hofu akaziba pumzi huku akipanda aweza kupasua mapafu yake hata kutoka kina kisichofika mita mbili. Viputo vya hewa vikiingia katika damu na kufika kwenye ubongo, huweza kumuua kwa dakika chache. Ndiyo maana kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mpiga mbizi ni kupumua mfululizo, bila kuzuia pumzi kamwe.

Kanuni ya pili ni kupanda polepole, si zaidi ya mita tisa au 10 kwa dakika. Mtungi wa kawaida haubebi oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani, bali hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ambayo sehemu kubwa yake ni nitrojeni. Nitrojeni hiyo huyeyuka ndani ya damu na misuli mtu akiwa chini. Akipanda kwa kasi, hugeuka viputo kama vile soda inavyotoa povu chupa inapofunguliwa, na matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi au hata kupooza. Wapiga mbizi husimama katika kina cha mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka, na hushauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, au saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege.

Hesabu ya hewa yenyewe ni sahali. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la 200 huwa na lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 60 katika mita 20. Akiweka akiba ya shinikizo la 50, kama inavyotakiwa, amebakiwa na dakika 30 pekee, zikiwemo za kushuka na kupanda. Aliyejawa na hofu, au anayepiga miguu ovyo, huzimaliza mapema zaidi.

Jaribio la 1943

Kifaa kinachowezesha haya yote kilizaliwa katika bahari hii hii. Mnamo 1943, Ufaransa ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, mhandisi Émile Gagnan alikuwa ameunda kifaa cha kudhibiti gesi ili magari yaendeshwe bila petroli, ambayo ilikuwa adimu. Yeye na afisa wa jeshi la majini, Jacques Cousteau, walikigeuza kiwe cha kumpa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, kwa shinikizo linalolingana na kina alipo. Cousteau alikijaribu baharini karibu na Bandol, kusini mwa Ufaransa, katikati ya mwaka huo. Vifaa vya leo hufanya kazi kwa msingi uo huo.

Ujuzi unaolinda pande mbili

Katika yote anayojifunza mwanagenzi, ujuzi unaomfaa zaidi Medes ni wa kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kuzama. Hufanya hivyo kwa kubeba vipande vya risasi vya uzito ufaao, kutia au kutoa hewa kidogo katika jaketi lake, na kupumua kwa utulivu. Asiyeumudu hutumia hewa nyingi, huweza kupaa ghafla na, muhimu pia, huuparaza mwamba. Miongoni mwa viumbe wa Medes wamo wanaojenga vichaka vya chokaa vyembamba kama karatasi. Pezi moja la mpira likiwagusa, huvunjika. Hata viputo vinavyonaswa kwenye dari za mapango huwadhuru wanaoishi humo.

Kwa sababu hii na kwa usalama wao, wanagenzi hawafai kuingia katika mapango na mahandaki yaliyoipa Medes sifa, kama vile lile la Dofí linalopenya chini ya kisiwa kikubwa cha Meda Gran. Mwenye jiwe juu ya kichwa hana njia ya kupanda moja kwa moja.

Uvuvi ulipigwa marufuku kuzunguka visiwa hivi mnamo 1983, na tangu 2010 vimekuwa sehemu ya hifadhi ya Montgrí, Visiwa vya Medes na Ter ya Chini. Chewa wamerejea kwa wingi na hawamkimbii binadamu. Idadi ya mbizi nayo imewekewa kikomo, maana mamlaka zilitambua kuwa wageni wanaoupenda mwamba wanaweza pia kuuchakaza. Lakini kikomo hicho hakizuii joto. Mawimbi ya joto la bahari ya 1999, 2003 na 2022 yaliua viumbe wengi wa umbo la feni katika kaskazini magharibi mwa Mediterania.

Anayenuia kushuka Medes hutakiwa kuwa na cheti, au kuandamana na mkufunzi, na kuwa na afya njema ya moyo na mapafu. Hushuka na mwenzake, na kabla ya kuingia majini hukubaliana juu ya ishara. Mojawapo ni kidole gumba kilichoelekezwa juu. Nchi kavu ishara hiyo ni ya pongezi. Majini ina maana ya kukatiza mbizi na kupanda. Mpiga mbizi yeyote anaweza kuitoa wakati wowote, na mwenzake hatakiwi kumuuliza sababu hadi wote wawili watakapokuwa mashuani.