Neuschwanstein: Kasri lililojengwa kwa ajili ya mtu mmoja, leo linapokea zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka

Ukiona picha yake mara ya kwanza unaweza kudhani imechorwa: kuta nyeupe, minara mirefu, msitu mzito na milima ya Alps kwa nyuma. Lakini Neuschwanstein ni kasri la kweli. Lipo jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Austria. Kasri la Disneyland kule California, lililofunguliwa mwaka 1955, lilichukua mfano wake hapa.

Wengi hudhani ni ngome ya enzi za mapanga na mishale. Siyo kweli. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa.

Mfalme aliyebaki na jina

Ludwig wa Pili alirithi ufalme wa Bavaria mwaka 1864 akiwa na miaka 18 tu. Miaka miwili baadaye Bavaria, ikiwa upande wa Austria, ilishindwa vita na Prussia. Mwaka 1871 ikaingizwa katika dola jipya la Ujerumani, na mkubwa sasa akawa mfalme wa Prussia.

Ludwig akaanza kujitenga na watu. Akaamua kujijengea dunia yake, mahali ambapo hakuna wa kumwamrisha.

Alikuwa shabiki mkubwa wa Richard Wagner, mtunzi wa opera. Ndiyo maana michoro ya kwanza ya kasri ilifanywa na Christian Jank, fundi wa kuchora mandhari za jukwaani. Kuta za ndani zimejaa picha za hadithi za kale ambazo Wagner alizitumia katika kazi zake.

Kwa nje ni la kizamani, lakini ndani lilikuwa la kisasa kwelikweli: maji ya bomba kila ghorofa, hewa ya moto ya kupasha vyumba, kengele za umeme za kuita watumishi, na hata simu.

Madeni yalimfika shingoni

Ludwig alijenga kwa hela zake na kwa mikopo. Neuschwanstein halikuwa peke yake, alikuwa pia na kasri la Linderhof na la Herrenchiemsee. Kufikia mwaka 1885 benki zilianza kutishia kukamata mali zake. Yeye hakupunguza kasi, aliendelea kupanga ujenzi mwingine.

Juni 1886 serikali yake ikamgeuka. Madaktari wa akili walitoa ripoti kwamba hana uwezo wa kutawala, bila kumpima wao wenyewe. Akakamatwa humohumo Neuschwanstein na kupelekwa Berg, kando ya Ziwa Starnberg.

Jioni ya tarehe 13 Juni alitoka kutembea na daktari Bernhard von Gudden. Hawakurudi. Usiku maiti zao zilikutwa ziwani. Ludwig alikuwa na miaka 40. Ilitangazwa kwamba alikufa maji, lakini mpaka leo watu wanabishana kilichotokea.

Wiki saba tu baadaye

Tarehe 1 Agosti 1886 milango ikafunguliwa kwa wananchi, kwa kiingilio. Kasri lilikuwa bado halijaisha na sehemu kubwa ya vyumba haikumaliziwa kamwe. Lakini kufikia mwaka 1899 madeni ya ujenzi yalikuwa yamelipwa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi walificha humo kazi za sanaa walizopora Ufaransa. Wanajeshi wa Marekani walizikuta mwaka 1945.

Julai 2025, UNESCO iliyaingiza makasri ya Ludwig katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukitaka kwenda

– Kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda, unahitaji viza ya Schengen.

– Kutoka Munich panda treni hadi Füssen, kama saa mbili hivi, kisha basi fupi hadi kijiji cha Hohenschwangau.

– Nunua tiketi mapema mtandaoni. Kila tiketi ina saa yake ya kuingia, ukichelewa imekula kwako.

– Kutoka kijijini ni kupanda mlima kwa mguu kama dakika 40. Pia kuna basi na gari la farasi.

– Ndani unatembezwa na mwongozaji kwa karibu nusu saa, na kupiga picha hakuruhusiwi. Picha nzuri zaidi hupigwa nje, kwenye daraja la Marienbrücke, ambalo hufungwa barafu ikizidi.

Ukifika ukumbi wa enzi, angalia kule mbele juu ya ngazi za marumaru. Utaona pako wazi. Kiti cha enzi hakikuwahi kutengenezwa, mwenyewe alikufa kabla.