Sikio Lililongoja

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuambiwa kwamba sikio ndilo mlango wa kwanza wa lugha. Wahandisi wa televisheni, hata hivyo, walilitumikia jicho kwanza. Marekani ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1954, Japani mwaka 1960, Uingereza na Ujerumani Magharibi mwaka 1967. Ilhali sauti katika nchi zote hizo iliendelea kupita katika mkondo mmoja mwembamba na kutokea kwenye spika moja ndogo. Visiwani kwetu nako, Televisheni Zanzibar ilipofunguliwa mwaka 1973 ilianza na rangi moja kwa moja, wakati Tanzania Bara ilingoja televisheni hadi 1994. Lakini mwaka huo wa 1973 hapakuwa na nchi hata moja duniani iliyokuwa ikirusha televisheni ya stirio kwa utaratibu wa kawaida.

Stirio ni sauti ya mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Aliyepata kukaa mbele ya kikundi cha taarabu anaijua maana yake: fidla zinatoka huku, udi unajibu kutoka kule, na mwimbaji yuko katikati. Sahani za santuri zilikuwa nayo tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini, na redio ya FM huko Marekani tangu 1961. Kwa nini basi televisheni ikachelewa?

Kikwazo hakikuwa ujinga. Mamilioni ya watu walikwisha nunua televisheni zao, na mfumo wowote mpya ambao ungezinyamazisha usingekubalika. Dawa ikapatikana katika hesabu ambayo redio ilikwisha itumia: jumla ya kushoto na kulia hupitishwa mahali pa zamani, na tofauti baina yao hufichwa juu yake. Televisheni kuukuu huchukua jumla, isijue kinachoipita. Televisheni mpya huongeza tofauti ile juu ya jumla ikapata kushoto, kisha huipunguza ikapata kulia. Japani ilitangulia mwaka 1978. Marekani iliidhinisha mfumo wake mwaka 1984, na tarehe 26 Julai mwaka huo kipindi cha usiku cha Johnny Carson katika NBC kikarushwa kwa stirio. Wajerumani walichagua njia yao: mwaka 1981 ZDF ilianza kurusha wimbi dogo la pili la sauti kando ya lile la kwanza. Waingereza waliigeuza sauti kuwa tarakimu, 728,000 kila sekunde, wakaipandisha juu ya matangazo yale yale ya analojia. Walifanya jaribio mwaka 1986 katika usiku wa ufunguzi wa tamasha la muziki la Proms, wakazindua rasmi mwaka 1991, yaani miaka 24 baada ya rangi.

Kwangu mimi uzito wa historia hii hauko katika muziki. Mkondo wa pili, ukishapatikana, si lazima ubebe fidla; waweza kubeba lugha. Wajerumani waliliona hilo tangu mwanzo. Mfumo wao ulikuwa na ishara ya siri isiyomfikia msikilizaji: ikitetema mara 117.5 kwa sekunde, televisheni ilifahamu kwamba yaja stirio. Ikitetema mara 274.1, ilifahamu kwamba zaja lugha mbili. Filamu ya kigeni iliweza kusikika kwa Kijerumani katika mkondo mmoja, na kwa lugha yake ya asili katika mwingine. Lakini kimoja kilikikanusha kingine. Aliyetaka lugha mbili aliusamehe upana wa sauti. Wajapani nao walirusha habari na filamu za kigeni kwa Kijapani na Kiingereza.

Wamarekani walitenga mkondo wa tatu, stirio ikabaki salama. Humo kilipita Kihispania, na tangu 1990, kwa juhudi za kituo cha WGBH cha Boston, humo ilipita pia sauti ya msimulizi aliyewaeleza vipofu, katika nafasi baina ya maneno ya waigizaji, nani ameingia na nani ameuficha uso wake. Afrika Kusini ilitumia njia ya mkato: kuanzia 1986, filamu iliyotiwa Kiafrikana ilionyeshwa katika televisheni, na sauti yake ya asili ikapitia Radio 2000, mtazamaji akaiweka redio kando ya televisheni. Mitambo iliacha kiti cha pili wazi. Nani akikalie, hilo liliamuliwa na siasa na soko. Si kila lugha ya nchi ilikipata.

Kuondoka kwake kulikuwa kwa haraka. Uholanzi ilizima minara ya analojia mwaka 2006, Marekani tarehe 12 Juni 2009, Japani 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami, ambayo ilifuata 2012. Uingereza ilimaliza tarehe 24 Oktoba 2012. Tanzania ikaanza na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Kenya ikazima 2015. Kotekote watu walizungumzia picha na bei ya ving'amuzi. Stirio ya analojia ilikwenda pasipo kuliliwa, maana matangazo ya dijitali yabeba sauti kadhaa kwa pamoja, na ile shida ya Wajerumani ya kuchagua baina ya upana na lugha haipo tena.

Kulibaki kituko kimoja. Huko Marekani, sauti ya analojia ya chaneli ya 6 iliangukia kwenye masafa ya 87.75, pembezoni kabisa mwa bendi ya FM, hivyo vituo vidogo vya chaneli hiyo vilisikilizwa na watu kwenye redio za magari, ambao hawakuijali picha yake. Vituo hivyo vidogo viliamriwa kuzima analojia tarehe 13 Julai 2021. Picha ikahamia dijitali. Sauti ikaombewa ruhusa, na mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikavikubalia vituo 14 viendelee kurusha sauti yao ya analojia palepale ilipokuwa.